Muziki wa Siku ya Mtakatifu Patrick: uchague upi kwa wazee wa Clare?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkenya kutoka Nakuru, na ninafanya kazi ya kuhudumia wazee katika makao yaliyoko Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi. Meneja amenikabidhi muziki wa sherehe ya Siku ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi. Mwaka jana tulitumia orodha ya nyimbo kutoka intaneti, nyingi zikiwa za baa. Wazee wengi walikaa kimya, mmoja akasema wazi kwamba huo ni muziki wa watalii na wa Wamarekani, na bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alilia ulipopigwa Danny Boy mpaka tukauzima. Baadaye nikasoma kwamba hata huo si wimbo wa Kiayalandi. Je, nipige fidla na filimbi tu ili nisikosee? Ninaposikiliza lahani hizo sitofautishi moja na nyingine, zote naona zinakwenda mbio. Na ule wimbo uliomliza bibi niuache kabisa?*

Marahaba, dada. Katika barua yako naona maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na ni vyema tuyafungue kabla ya kuchagua wimbo hata mmoja. La kwanza linahusu asili, yaani wimbo upi una haki ya kuitwa wa Kiayalandi. La pili linahusu watu, yaani wimbo upi utawachangamsha wazee waliokaa mbele yako alasiri ile. Orodha ya mwaka jana haikushindwa kwa sababu nyimbo zake zilikuwa bandia. Ilishindwa kwa sababu iliandaliwa kwa ajili ya watu wengine, vijana walio baa na wageni wanaopita, na wazee wako wakaletewa sherehe isiyo yao.

Nianze na asili, kwa kuwa imekutia hofu kuliko inavyostahili. Ulichosoma kuhusu Danny Boy ni nusu ya ukweli. Maneno yake yaliandikwa na Frederic Weatherly, mwanasheria Mwingereza, ambaye alipata lahani hiyo kutoka kwa shemeji yake aliyekuwa akiishi Marekani, na wimbo ukachapishwa mwaka 1913. Lakini lahani yenyewe ni ya Ayalandi: iliandikwa nota na Jane Ross wa Limavady, kaskazini mwa kisiwa, kisha ikachapishwa mwaka 1855 katika mkusanyo wa George Petrie, bila jina la mtunzi. Nyimbo nyingine katika orodha za namna hiyo ziko mbali zaidi. When Irish Eyes Are Smiling ulitungwa Marekani mwaka 1912 kwa ajili ya jukwaa la maonyesho. Too-Ra-Loo-Ra-Loo-Ral ulitungwa huko huko mwaka 1913, na ukaenea upya Bing Crosby, mwimbaji wa Kimarekani, alipouimba katika filamu mwaka 1944. Na Dirty Old Town, ambao wengi huapa kwamba unahusu Dublin, uliandikwa na Ewan MacColl mwaka 1949 kuhusu Salford, mji wa viwanda nchini Uingereza. Kwa hiyo mzee wako aliyelalamika hakukosea, na mwaka huu ningemwomba ushauri kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo, asili ya wimbo haitoshi kuuondoa katika sherehe. Waayalandi ni watu wa kuhama. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua takriban watu milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya hao ng'ambo, na tangu hapo muziki wao umekuwa ukisafiri kwenda na kurudi. Mfano mzuri ni Michael Coleman, mpiga fidla kutoka Kaunti ya Sligo aliyehamia Marekani mwaka 1914. Santuri alizorekodi New York katika miaka ya 1920 zilirudi vijijini Ayalandi, wapigaji wa nyumbani wakamwiga, na mtindo wake ukaathiri upigaji wa fidla katika sehemu kubwa ya nchi. Tukisema kila kilichopitia Marekani si cha Kiayalandi, hata ile fidla unayoiona kuwa salama haitabaki nzima. Bibi aliyejifunza wimbo wa Bing Crosby redioni jikoni kwa mama yake, akaja kuwaimbia wanawe, ana haki nao kuliko mtunzi wake.

Sasa tuje kwa watu, maana hapa ndipo penye kazi. Utafiti wa kumbukumbu umeonyesha mara nyingi kwamba muziki unaodumu ndani ya mtu ni ule aliousikia tangu ujana hadi miaka ya mwanzo ya utu uzima, takriban kati ya miaka 10 na 30. Chukua umri wa wazee wako na ufanye hesabu. Mwenye miaka 85 leo alikuwa na miaka 20 karibu na mwaka 1960, na Ayalandi ya 1960 haikuwa nchi ya fidla peke yake. Ilikuwa nchi ya showband, yaani bendi kubwa za dansi zenye tarumbeta na saksofoni, wanamuziki wakiwa wamevaa suti za sare na kucheza jukwaani badala ya kukaa vitini. Royal Showband ya Waterford, ikiwa na mwimbaji wake Brendan Bowyer, ilishika nafasi ya kwanza nchini mwaka 1965 kwa The Hucklebuck, wimbo ambao asili yake ni Marekani tupu, na bado ukiupiga leo katika chumba cha Waayalandi wa umri huo utaona miguu ikianza kutafuta sakafu. Biashara ya kumbi za dansi ilikuwa kubwa kiasi kwamba Albert Reynolds, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1992, alipata utajiri wake wa kwanza kwa kumiliki kumbi hizo pamoja na nduguye.

Kuna jambo kuhusu tarehe yenyewe ambalo orodha za intaneti hazilitaji. Tarehe 17 Machi kila mwaka huangukia ndani ya Kwaresima, na katika Ayalandi ya Kikatoliki ya ujana wa wazee wako, kumbi za dansi zilinyamaza Kwaresima nzima. Bendi zenyewe zilivuka bahari katika wiki hizo kwenda kuwapigia wahamiaji Uingereza na Marekani. Usiku wa Mtakatifu Patrick ulikuwa ndiyo ruhusa katikati ya mfungo. Baa, kwa upande mwingine, zilifungwa siku hiyo kwa mujibu wa sheria kwa miongo kadhaa ya karne ya 20. Unaona basi kwa nini nyimbo za kugonga bilauri ziliwaacha wakikutazama tu: kwa wengi wao, siku hii ilikuwa ya misa asubuhi, jani la shamroki (jani dogo la pande tatu, nembo ya Ayalandi) kifuani, gwaride mjini, na usiku dansi iliyosubiriwa tangu Jumatano ya Majivu. Wapigie muziki wa kucheza, na ndani yake walzi, dansi ya wawili wawili yenye mapigo matatu, zisikose, kwa sababu katika walzi ndipo wengi walipowashika mikono wenzi wao mara ya kwanza.

Hapa una faida ambayo huenda hujaitambua. Ukikulia Nakuru, haikosi umesikia Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, redioni Jumapili, au kwa mjomba mwenye santuri. Sauti hiyo hiyo nzito na ya upole iliitawala Ayalandi ya vijijini. Reeves alizuru nchi hiyo mwaka 1963, na alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, Larry Cunningham wa Longford alirekodi santuri ya kumuenzi iliyouzwa hadi Uingereza. Kutokana na mapenzi hayo ukakua muziki ambao Waayalandi wenyewe huuita wa kantri na Kiayalandi: huyo Cunningham na wimbo wake Lovely Leitrim, Big Tom wa Monaghan, Philomena Begley wa Tyrone, na baadaye Daniel O'Donnell wa Donegal. Wajuzi wa mjini huudharau muziki huu, na mimi mwenyewe sina mapenzi makubwa na gitaa zake, lakini katika makao ya wazee magharibi mwa Ayalandi ningeuweka mbele ya kundi lolote mashuhuri la muziki wa asili. Mweleze mzee mmoja kwamba bibi yako naye alimpenda Jim Reeves, na mazungumzo hayatakupa shida tena.

Je, fidla na filimbi ziachwe? Hapana, lakini si kwa sababu ni salama. Kwanza zina tatizo la kimwili: usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti za juu, na filimbi ya bati ikipigwa kwa sauti kubwa kupitia spika ndogo humfikia mzee kama mluzi unaochoma, huku vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo vimetengenezwa kwanza kwa ajili ya maneno, vikiuharibu zaidi. Chagua rekodi zenye akodiani, piano, konsetina (akodiani ndogo ya mkononi) na sauti za waimbaji wa kiume zilizo chini kidogo. Weka spika mbili pande mbili za chumba kwa sauti ya wastani badala ya moja inayonguruma pembeni, na uzime televisheni.

Pili, uko Clare, na Clare ina yake. Sheria ya mwaka 1935 iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na leseni ilichangia kuutoa muziki jikoni, ulikochezwa kwa vizazi, na kuupeleka katika kumbi za parokia. Na ukumbi mkubwa usio na vipaza sauti ulihitaji bendi yenye kishindo. Hapo ndipo zilipostawi bendi za céilí, yaani za dansi ya asili, ambazo huweka fidla kadhaa, filimbi za mbao na akodiani zipige kwa pamoja juu ya piano na ngoma. Clare ina mbili zinazojulikana nchi nzima: Kilfenora, ambayo historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1909, na Tulla, iliyoanzishwa mwaka 1946. Zilishindana vikali katika miaka ya 1950 kwenye mashindano ya taifa, na ushabiki haujaisha. Wiki moja kabla ya sherehe, waulize wazee wako wakati wa chai ni ipi iliyokuwa bora kati ya hizo mbili, kisha ukae pembeni na kalamu: majina watakayokutajia katika ubishi huo ndiyo orodha yako.

Kuhusu masikio yako kutotofautisha lahani, usijilaumu, kwa kuwa muziki huu hauonyeshi tofauti zake mahali unapozitafuta. Lahani ya dansi ya Kiayalandi kwa kawaida ina sehemu mbili, kila moja ya vipimo nane (kipimo ni kifungu kidogo cha mapigo), na kila moja hurudiwa. Mzunguko mzima ni vipimo 32, nao hupigwa mara mbili au tatu kabla ya bendi kuruka bila kusimama kwenye lahani nyingine. Gonga goti usikie mapigo. Yakienda manne manne kwa usawa, hiyo ni rili. Yakienda matatu matatu, sita katika kipimo, hiyo ni jigi, na kama umewahi kuhudhuria harusi ya pwani ikapigwa chakacha, mwili wako umeshaijua hesabu ya sita hata kama masikio hayajui. Polka ni mbili mbili za haraka, nazo ni za kusini zaidi, mpakani mwa Cork na Kerry. Wapigaji wote hufuata lahani ile ile moja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, jambo ambalo mtu wa taarabu ya zamani ya Unguja atalitambua mara moja akikumbuka safu ya fidla zilivyokuwa zikitembea pamoja na akodiani na kanuni. Mimi nilianzia katika fidla ya taarabu, na kilichonisaidia kuuelewa muziki huu ni kuacha kusubiri wimbo ubadilike na kuanza kusikiliza pale bendi inapovuka kutoka lahani moja kwenda nyingine. Wachezaji hupiga ukelele hapo hapo. Basi ukitaka kuzima muziki, subiri mzunguko uishe. Ukiukata katikati, mzee aliyekuwa akicheza kwa vidole juu ya mkono wa kiti atahisi kama amevutiwa zulia chini ya miguu.

Wala muziki wa Clare si wa mbio wote. Martin Hayes, mpiga fidla kutoka mashariki mwa kaunti, ambaye baba yake aliiongoza bendi ya Tulla, amejijengea jina duniani kwa kupiga rili polepole mpaka zikawa kama masimulizi. Na kwa waimbaji, Spancil Hill hauna budi kuwemo: ni ndoto ya mhamiaji aliye California anayerudi usingizini kwenye gulio la farasi karibu na Ennis, na maneno yake ni ya karne ya 19. Ikiwa kuna wimbo mmoja wa kumwachia mzee mwenye sauti auanzishe mwenyewe bila ala yoyote, ningeuchagua huo. Wakati mtu anapoimba hivyo, desturi ya huko ni watu kunyamaza kabisa, kisha kumtia moyo kwa neno dogo kati ya beti. Usimfuatilizie kwa spika.

Sasa bibi aliyelia. Kumbukumbu ya muziki mara nyingi hubaki imara katika ugonjwa wa kusahau hata pale majina ya watoto yanapopotea, kwa kuwa wimbo umehifadhiwa pamoja na mwendo, pumzi na hisia. Wimbo ukiamsha hisia, hisia inaweza kurudi bila kisa chake, na mtu akalia pasipo kuweza kusema kwa nini. Danny Boy hupigwa sana mazishini nchini humo, hivyo huenda ulimrudisha kwa mume au kwa mtoto aliyekwenda. Chozi peke yake si ushahidi wa madhara. Tazama mengine: je, anaimba huku akilia, anakushika mkono, pumzi imetulia, uso umelegea? Huyo anaomboleza, na kumzimia wimbo ni kumkatiza. Lakini akisukuma vitu, akijaribu kuondoka, akiita kwa hofu, au akiendelea kuhangaika wimbo ulipokwisha, basi umemzidi. Kutokana na ulichoniandikia siwezi kujua ilikuwa ipi, ila familia yake inaweza kukuambia. Piga simu kabla ya tarehe 17, uulize wimbo huo ulikuwa nini kwake na upi mwingine alioupenda. Nisingeuweka katika sherehe ya pamoja. Ningeukalia naye faragha siku nyingine, kama familia inaridhia, mtu mmoja karibu naye na muda wa kutosha.

Jambo ambalo hukuuliza lakini litakukuta: nyimbo za uasi. Historia ya Ayalandi imeimbwa, na baadhi ya nyimbo zinazochezeka vizuri zinashangilia makundi yenye silaha ya karne ya 20. Mwaka 2022 chama cha soka cha nchi hiyo kilitozwa faini ya yuro 20,000 na UEFA baada ya wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake kuimba wimbo wa aina hiyo katika chumba chao cha kubadilishia nguo. Katika makao yako anaweza kuwemo mtu aliyefiwa kaskazini mwa kisiwa wakati wa machafuko ya silaha ya karne ya 20, au mjane wa polisi, na wewe hutajua. Nyimbo za maasi ya zamani, ya mwaka 1798 kwa mfano, hazina makali hayo. Hizi za karibuni ziache mpaka wazee waziombe wenyewe, na hata hapo muulize kwanza mfanyakazi mzaliwa wa pale. Wimbo wa taifa, Amhrán na bhFiann, ukipigwa, watakaoweza watasimama, na wengine watajaribu ambao hawapaswi, kwa hiyo wahudumu wawe karibu na viti.

Asubuhi waachie misa ya redioni au ya televisheni na wimbo wa kanisa wa Mtakatifu Patrick, Hail Glorious Saint Patrick, ambao karibu kila Mkatoliki wa umri huo anaujua kwa moyo. Muziki wa dansi uanze baada ya chakula cha mchana, usizidi saa moja mfululizo, uanze na walzi, upande hadi rili, ushuke tena kwa nyimbo za kuimba pamoja. Uchovu wa jioni huwazidi wenye ugonjwa wa kusahau, na sherehe iliyopitiliza saa kumi na moja mara nyingi hulipiwa usiku.

Kuna mambo ambayo orodha ya nyimbo haiwezi kuyatibu. Mzee aliyekuwa mpenzi wa muziki akiacha ghafla kuujali, mwambie muuguzi wa zamu achunguzwe masikio, kwa sababu nta iliyoziba au betri iliyokwisha huonekana kama huzuni. Huzuni ya kweli ikidumu siku kadhaa baada ya sherehe, akikataa chakula au usingizi, hilo ni la daktari. Kwa yule bibi, kama makao yenu yanaweza kumpata mtaalamu wa tiba kwa muziki, mweleze tukio la mwaka jana kwa kirefu kama ulivyonieleza mimi, kwa kuwa yeye atakaa naye ana kwa ana.

Na ukitaka wapigaji hai, ambao watashinda rekodi yoyote, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama cha muziki wa asili kilichoanzishwa mwaka 1951, kina matawi mitaani, na wanamuziki wake wengi, wakubwa kwa watoto, hupiga katika makao ya wazee. Waombe mapema, mwezi wa kwanza ikiwezekana, na uwape siku ya tarehe 16 au 18 kama chaguo la pili, kwa sababu tarehe 17 yenyewe kila mwenye akodiani huko Clare atakuwa juu ya lori la gwaride.